Timu yangu imelala, niiamshe vipi?

Mwezi huu barua nyingi zimenifikia kuhusu jambo moja: biashara ya mtandao, ile ya kusajili watu chini yako na kuuza bidhaa mkono kwa mkono. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, maana najua wako wengi mjini hapa wenye shida iyo hiyo. – Mama Biashara, Mombasa

SWALI

Shikamoo Mama Biashara. Naishi Kisauni na huu ni mwaka wangu wa tatu katika biashara ya mtandao. Tunauza sabuni, dawa ya meno, mafuta ya mwili na virutubisho. Nimesajili watu 19, lakini wanaoagiza ni 3 tu. Kila alfajiri natuma sauti ya kuwatia moyo kwenye grupu la WhatsApp. Natuma pia picha za viongozi wetu waliopata magari, na mwisho wa mwezi naandika majina ya ambao hawajaagiza ili wakumbuke. Hakuna anayejibu, naona tiki za buluu tu. Wawili wametoka kwenye grupu usiku bila kuaga. Mmoja wao ni wifi yangu, na sasa hata nikienda kwao ananikwepa. Aliye juu yangu anasema niachane nao, ni wavivu, nitafute wapya. Pointi zangu, zinazohesabiwa kwa manunuzi ya timu, hazitimii na bonasi inashuka. Mimi nawapenda watu hawa, sitaki kuwatupa. Niwaamshe vipi?

*Mwenye timu, Kisauni*

JIBU

Marahaba, mwanangu. Umesema unawapenda na hutaki kuwatupa. Nimefurahi kulisoma hilo, kwa sababu kazi nitakayokupa inataka subira, na subira anayo mwenye kuwapenda watu wake.

Leo hii acha kutuma zile sauti za alfajiri. Na ile orodha ya majina, ifute kwenye grupu kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu. Mtu wa kwetu pwani ukimtaja mbele za watu kwa jambo la kumwaibisha hatagombana nawe. Atakutoka taratibu, na siku utakapogutuka umeshampoteza mteja, mshirika na wifi kwa pamoja. Wifi yako hakukwepi wewe. Anaikwepa ile aibu uliyomtundikia.

Sasa chukua daftari. Andika majina 16 ya walionyamaza, kila mmoja na ukurasa wake. Chini ya kila jina andika alijiunga mwezi gani, alinunua bidhaa za shilingi ngapi, aliuza ngapi, alimuuzia nani na kama alilipwa. Nakuhakikishia utakwama kwenye lile la "alimuuzia nani". Nimekaa na viongozi wengi wa timu wanaojua pointi za kila mtu wao bila kutazama karatasi, na hawamjui hata mteja mmoja wa mtu huyo. Ugonjwa uko hapo. Biashara hii hulipwa na mtu anayenunua sabuni akaogee. Kama mtu huyo hayupo, unaweza kumtia mwenzako moyo kutwa kucha, na huo moyo hatakuwa na pa kuupeleka.

Ukishaona kurasa zako zina mapengo kiasi gani, toka uende ukawaone. Wahenga wa pwani walisema kumla nguru si kazi, kazi kumwosha. Kusajili watu 19 kulikuwa ndiko kula, na kuosha ndiko huku kupita nyumba kwa nyumba. Usiende na katalogi, na usivae fulana ya kampuni. Nenda baada ya alasiri, shika kashata au matunda kama unavyokwenda kumjulia hali mtu wako yeyote, ukae, uulize watoto. Mazungumzo yakishakolea, uliza swali moja tu: "Zile bidhaa ulizochukua, zimebaki ngapi?" Kisha nyamaza. Usimsaidie kujibu.

Swali hilo ndilo lililonifungulia mlango kwa mama mmoja wa Magongo. Kiongozi wake alikuwa ameniambia ni mzito, haamki. Nilipomuuliza aliinama akavuta katoni kutoka chini ya kitanda, imefunikwa kwa leso kuukuu. Ndani mlikuwa na chupa 4 za alovera, hazijafunguliwa, na pakiti kadhaa za chai. Kisha akaenda chumba cha pili akarudi na daftari la hesabu la mwanawe, akafungua ukurasa wa nyuma. Mwalimu 1,300. Mama wa kibandani 650. Jirani wa juu 1,300. Dada wa M-Pesa 900. Shemeji 2,000. Jumla shilingi 6,150, na wote walikuwa wamemwahidi mwisho wa mwezi ambao ulishapita zamani.

Yule mama alikuwa ameuza, tena kuliko wenzake wengi. Mtaji wake wote ulikuwa majumbani mwa watu. Hakuweza kuagiza kwa kuwa hakuwa na pesa, na hakuweza kusema kwa kuwa aliona haya. Kila alfajiri simu yake ilimletea sauti ya kumwambia aote ndoto kubwa, naye anafikiria nauli ya mtoto kwenda shule. Tulikaa tukaandika ujumbe pamoja, kwa lugha yake mwenyewe: "Asalaam aleikum mwalimu. Ile 1,300 naomba tuigawe, 200 kila Ijumaa, nami nipate kukuletea mafuta yako mengine." Mwalimu alituma 500 usiku ule ule. Shemeji alichukua muda, lakini alilipa. Tangu hapo mama yule hatoi chupa mpaka ashike nusu ya bei mkononi, na bado anauza.

Katika 16 wako utawakuta kama yeye. Uliza madeni kabla ya kuuliza ndoto.

Utawakuta pia waliochoshwa na hesabu, na hawa ukae nao mezani na kalamu. Tuchukue bidhaa ya shilingi 1,000, anaiuza 1,300, faida ni 300. Anakaa Likoni, mteja yuko Nyali. Kuvuka feri kwa miguu ni bure, lakini kuna matatu ya kumfikisha ferini, ng'ambo ya pili kuna nyingine mpaka Nyali, na kurudi ni vivyo hivyo. Tuseme 240. Akifika, mteja hana pesa, anamwambia arudi Jumamosi. Safari ya pili keshaingia hasara. Mtu akifanya hivi mara mbili tatu ataacha, na ana haki ya kuacha. Mwambie aanze na wateja anaoweza kuwafikia kwa miguu. Wa mbali awakusanyie siku moja kwa kila upande, Nyali na Bamburi pamoja, Changamwe na Jomvu pamoja, na asitoke nyumbani mpaka mteja amethibitisha kwa simu.

Kisha wako ambao hawajawahi kuuza kitu chochote kwa mtu asiye ndugu yao. Hao ndio wengi, na kwao dawa ninayoiamini ni kikao cha nyumbani. Mwaka 1951 kampuni ya Tupperware ya Marekani iliviondoa vyombo vyake vya plastiki madukani, ikawa inaviuza kwenye vikao vya majumbani tu. Vyombo vile havikutoka kwenye rafu, kwa sababu mnunuzi hakuelewa kile kifuniko mpaka aone mtu akikifunga na kukifungua mbele yake. Aliyeijenga njia hiyo ni mwanamke, Brownie Wise, aliyekuwa akiuza yeye mwenyewe na kuona watu wanavyonunua wakishagusa. Sisi wanawake wa Mombasa vikao tunavyo tangu enzi za bibi zetu, hatuhitaji kufundishwa kukaa pamoja. Mwambie mwenzako aalike majirani 5 au 6 Jumamosi jioni, chai na mahamri viwepo. Nenda wewe ukamsaidie. Toa dawa ya meno moja ifunguliwe, mafuta yapakwe mikononi, watu wanuse, waulize bei. Usitaje kusajili na usichore ubaoni yale maduara ya nani yuko chini ya nani. Na pesa yote ya siku hiyo, faida na pointi, iwe yake. Usichukue hata shilingi.

Akilala usiku huo ana shilingi 600 za faida alizozipata kwa mdomo wake mwenyewe, asubuhi atakupigia yeye. Mtu aliyezoea kukataliwa na shangazi zake anahitaji kumwona mgeni mmoja akitoa pesa kwa hiari. Nimewaona wanawake waliokuwa hawainui simu wakibadilika kwa kikao kimoja tu cha namna hiyo.

Tazama majira pia, jambo ambalo viongozi walioko Nairobi au ng'ambo hawatakwambia. Kuanzia Aprili mvua za masika zikishika, wageni hupungua na hoteli za Nyali, Bamburi na Shanzu hurudisha wafanyakazi wengi nyumbani hadi msimu ubadilike. Mteja wako wa mafuta ya 1,300 ndiye huyo aliyerudishwa. Januari pesa zote ziko kwenye ada. Ramadhani watu wananunua tende na unga, na Idi ikikaribia wananunua nguo na manukato. Mtu wako akinyamaza Mei usimwite mvivu. Mshauri auze vitu vidogo vya kila siku, sabuni na dawa ya meno, virutubisho vya bei ghali vingoje.

Wifi yako tuseme naye. Sidhani aliwahi kuitaka biashara hii. Alijiunga kwa stahi, kwa sababu wewe ni mke wa kakake na hakuweza kukukatalia. Hawa wa stahi wamo katika kila timu. Mwendee peke yake umwambie: "Wifi, nimekuondoa kwenye hesabu za biashara, nisamehe kwa kukutaja mbele za watu. Ukitaka sabuni nitakuletea kwa bei yako ile ile." Halafu usiongeze neno. Wengi wa namna hii wakishatolewa mzigo huwa wateja wazuri wa miaka, na mteja wa miaka anakufaa kuliko jina lililolala kwenye orodha.

Lipo la woga wa piramidi, yaani mchezo wa kuwalipa waliotangulia kwa pesa za wanaojiunga nyuma yao. Wakenya hawajasahau 2007, pale piramidi ya DECI na nyingine za namna yake zilipoporomoka na akiba za watu. Mwenzako akirudi nyumbani mumewe akamwambia "hiyo ni piramidi", atanyamaza, na wala hatakwambia sababu. Usimjibu mume kwa maneno makali. Mwonyeshe mkewe jinsi ya kuonyesha pesa yake imetoka wapi: hii ni ya sabuni ya fulani, hii ni ya mafuta ya fulani. Ikiwa hamuwezi kuonyesha, na pesa yote imetoka kwa waliojiunga, basi mumewe yuko sahihi nawe umsikilize.

Hili limeshaamuliwa huko biashara hizi zilikozaliwa. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliichunguza Amway, kampuni kubwa ya biashara ya mtandao, na mwaka 1979 ikasema si piramidi. Miongoni mwa yaliyoiokoa ni kanuni ilizokuwa nazo: muuzaji awe ameuza angalau asilimia 70 ya alichonunua mwezi ule ndipo apate bonasi, aonyeshe kila mwezi ameuza kwa wateja 10, na anayejitoa arudishiwe pesa ya bidhaa zilizobaki ambazo bado zinauzika. Hata hivyo tume iliikataza kampuni ile kutia chumvi mapato ya watu wake. Mwaka 2016 tume hiyo hiyo iliifanya Herbalife, kampuni nyingine ya namna hiyo, ilipe dola milioni 200 na kubadilisha mfumo wake, ili malipo yafuate mauzo ya kweli kwa wateja. Kwa hivyo mimi kwa timu yoyote nasema: wateja 10 kwanza. Mtu asizungumze habari ya kusajili mwenziwe mpaka ana watu 10 wanaonunua kwa sababu wanatumia. Wakifika 10, hata asiposajili mtu maisha yake yote, ana biashara ndogo inayomlisha kitu.

Zile picha za magari nazo ziache. Wakfu wa AARP, shirika la Marekani la watu wa miaka 50 na zaidi, ulichapisha mwaka 2018 utafiti juu ya watu waliowahi kuingia biashara za aina hii. Asilimia 47 walipoteza pesa, asilimia 27 hawakupata wala hawakupoteza, na asilimia 25 walipata faida. Hawa ni Wamarekani, lakini sioni sababu ya sisi kujidanganya kwamba kwetu ni rahisi zaidi. Mtu wako akitazama lile gari kisha atazame katoni chini ya kitanda, anajiona yeye ndiye aliyeshindwa peke yake. Mwambie ukweli: wengi hawapati kitu, wanaopata wengi wao hupata kidogo, na kidogo hicho kinatokana na wateja. Anayebaki baada ya kusikia hivyo atabaki.

Na kuna jambo moja ambalo sina upole nalo. Katika mazungumzo yako sikiliza kama kuna mtu wako aliyewaambia wagonjwa kwamba virutubisho vinaponya sukari au presha. Niliwahi kukaa na msichana wa Likoni aliyekuwa akiuza vizuri, mara akazima simu kabisa. Alikuwa amemwambia mama wa jirani apumzike vidonge vya sukari anywe alovera, na mama yule akalazwa hali mbaya. Alipona, alhamdulillahi, lakini msichana alikuwa hawezi kupita mtaa ule. Hakuyatunga maneno yale. Aliyasikia kwenye mkutano wa timu, mtu akishuhudia kwa kipaza sauti. Mwenye timu ni wewe, na kinachosemwa chini yako ni dhamana yako. Sema wazi kwenye grupu, mara moja na kwa sauti yako: bidhaa zetu si dawa, na mgonjwa asiache dawa ya daktari.

Sasa wale 3 wanaoagiza. Katika barua nzima umewataja kwa nusu sentensi. Wao ndio wanaoamka na sauti zako za lawama zisizowahusu. Wapigie wiki hii, kila mmoja peke yake, uwaulize wateja wao ni akina nani na nini kinawatatiza. Nusu ya muda wako wa biashara uwape wao. Ukiwapoteza hao kwa kuwafukuzia waliolala, utabaki mikono mitupu.

Na huyo aliye juu yako anayesema uwatupe utafute wapya, mjibu kwa adabu na hesabu. Ikiwa kati ya 19 wamenyamaza 16, na sababu hamkuitafuta, 19 wengine watanyamaza vile vile. Kisauni ina watu wengi lakini wanajuana. Ukiwapitia wote kwa namna hiyo utafika mahali ukionekana unakuja, watu wanafunga mlango.

Grupu libakishe la maagizo, bei mpya na tarehe za mzigo kufika. La kumtia mtu moyo limtafute nyumbani kwake.

SWALI

Mama Biashara, salamu kutoka Mtwapa. Mimi ni kijana, nina timu ya watu 11 na wengi hawaagizi. Kiongozi wangu ameniambia ninunue bidhaa za shilingi 18,000 kwa majina yao kabla ya tarehe 30, ili nisishuke kiwango. Anasema wakiona pointi zimeingia watapata moyo. Nina pesa, lakini ni za ada ya mdogo wangu muhula ujao. Nifanyeje?

*Kijana, Mtwapa*

JIBU

Usinunue. Peleka pesa ya mdogo wako shuleni kesho, ikiwezekana uiweke kabisa kwenye akaunti ya shule isikutamanishe.

Mwulize kiongozi wako bonasi utakayopata ukibaki kwenye kiwango ni kiasi gani. Tuseme ni 4,000. Umetoa 18,000 kupata 4,000, na katoni zimebaki chumbani kwako huna mnunuzi. Mwezi ujao kiwango ni kile kile, na watu 11 ni wale wale, kwa hiyo utaulizwa tena. Hapo keshapata yeye, kwa sababu manunuzi yako yanahesabika kwake juu.

Halafu hilo la majina. Kuagiza kwa jina la mtu bila yeye kujua, kwa namba yake ya kitambulisho aliyokupa siku ya kujisajili, ni kosa. Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na hata isingekuwepo, jina la mtu ni amana. Hakuna anayepata moyo kwa kugundua jina lake limetumika.

Shuka kiwango, mwanangu. Kiwango kikishuka hakidai pesa. Tafuta wateja wako 10 hapo Mtwapa. Kuna saluni, kuna mabaa na mikahawa ya barabarani inayonunua sabuni ya mikono kila wiki, kuna wenye nyumba za kupangisha wageni. Anza na sabuni. Na ukiona kiongozi wako anakasirika kwa kuwa umelipa ada, umeshamjua.

SWALI

Shikamoo Mama. Mimi ndiye niliyelala. Aliyenisajili ni mama mdogo, na ndiye aliyenilea. Nilichukua bidhaa za 9,000 na zimebaki za kama 6,400 kabatini. Sina kipaji cha kuuza, nashona nguo na kazi yangu inanitosha. Mama mdogo hanigombezi, ila kila akinituma sauti moyo unaniuma, na sasa siendi kwake hata Ijumaa kula wali kama zamani. Naweza kujitoa bila kumvunja moyo?

*Mshonaji, Majengo*

JIBU

Marahaba. Unaweza, na uende Ijumaa hii hii.

Kabla hujaenda, toa bidhaa zote kabatini uzipange kitandani. Soma tarehe ya mwisho ya matumizi ya kila moja, maana joto letu na kabati lililofungwa havipatani na krimu wala vidonge. Andika zipi hazijafunguliwa, zipi zimebakiza miezi michache. Tafuta ile karatasi uliyotia sahihi, usome sehemu ya kurudisha bidhaa. Kampuni nyingi za namna hii hutoa muda wa kurudisha kilicho kizima, na muda huo ukiwa haujapita ni haki yako, huombi fadhila.

Kwa mama mdogo nenda mkono mtupu, usibebe bidhaa siku hiyo. Kula kwanza. Kisha msaidie kuosha vyombo, umwambie hapo mkiwa wawili: "Mama, ile biashara imenishinda. Cherehani ndiyo riziki yangu. Nimebakiwa na bidhaa kadhaa nzima, hii hapa orodha yake, naomba unisaidie kuzipeleka kwa wateja wako, hata kwa bei niliyonunulia." Mpe karatasi. Usitoe visingizio vya mtoto mgonjwa wala mume mkali, maana ameshakulea, atajua.

Sitashangaa akifurahi. Mwenye timu husumbuliwa na mtu asiyejibu kuliko anayesema hapana, na mama aliyekulea ana uchungu zaidi wa kukosa kukuona Ijumaa. Kama anahitaji mteja, mwahidi sabuni moja kwa mwezi, ikiwa unaipenda kweli.

Zile zitakazobaki anza kuuza zenye tarehe ya karibu, wape wateja wako wa cherehani kwa bei ya kununulia. Zilizopita tarehe usimuuzie mtu na usimgawie jirani. Zimwage, chupa uzioshe utilie vifungo.